Jogoo wa Bibi Mwanahawa na Tangi la Lita Elfu Tano

Safari nzima ilitugharimu shilingi milioni nne, laki tatu na elfu themanini na tano, pamoja na jogoo mmoja. Nimejumlisha mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili jogoo ndiye aliyetoka ghali kuliko vyote. Tangi lenyewe halikumfikia.

Nawaandikia nyie mnaoanza kushika spana, na nyie wengine mnaojiandikisha kwenda vijijini kujitolea, mnaopigana picha kabla hata mzigo haujashuka garini. Mie ni fundi bomba mstaafu. Miaka thelathini na minne nimelala chali chini ya masinki ya watu, kuanzia Buguruni mpaka Kipawa, na sasa nakaa Goba, juu mlimani, ambako maji ya bomba hupanda kwa kusitasita kama mgeni asiyeijua nyumba. Ndiyo, fundi bomba nakaa pasipofika maji. Mkishamaliza kucheka tuendelee.

Aliyenitia kwenye safari ile ni Mama Upendo wa Kipawa. Muuguzi mstaafu, mzee wa kanisa, mwanamke mmoja mfupi ambaye sijawahi kumshinda bei hata siku moja. Nilikuwa namtengenezea koki ya jikoni, naye kasimama juu ya kichwa changu na kikombe cha chai.

"Fundi, tuna safari. Kuna zahanati upande wa Handeni haina maji. Mama anakuja kujifungua na ndoo yake kichwani. Asipokuja na ndoo, anajifungulia pakavu. Tunataka kuwawekea tangi na gata, wavune mvua ya paa. Siku sita."

"Kazi nzuri," nikasema. "Malipo?"

"Bure."

"Mama Upendo, bure ni kubwa mno. Punguza kidogo."

"Hiyo ndiyo bei ya mwisho, baba. Na hapo mie mwenyewe sipati faida."

Nikamwambia basi chakula. Akasema chakula kipo. Nikamwambia na nauli ya kurudi. Akaniuliza, "Kwani ulitaka kubaki?" Nikafunga koki yake, nikafungasha mfuko wangu wa spana, na hela ya koki akanilipa nusu, akisema nusu nyingine niihesabu kuwa mchango wangu wa safari. Mpaka nafika njiani ndipo nilipong'amua kwamba nimefanya kazi moja kwa nusu bei na nyingine kwa bure, na nimeaga kwa kusema asante.

Nawasimulia haya mjue mtu aliyekwenda kule alikuwa mtu gani. Sikwenda kama malaika.

*

Kabla ya jogoo, tuongee kazi kidogo, maana wengine mmekuja kwa ajili hiyo.

Ukienda kufanya kazi porini, duka la vifaa liko begani mwako. Buguruni ukisahau elbo moja, unatuma mtu, dakika tano amerudi. Kule duka la karibu lilikuwa safari ya siku nzima kwa bodaboda, na lenyewe linauza misumari na biskuti. Kwa hiyo nililala sebuleni na vifaa nimevipanga mkekani, nikaliunganisha lile bomba lote kichwani kuanzia kwenye gata mpaka kwenye koki ya chumba cha kujifungulia, na kila kiungo nilichokifikia nikakigusa kwa kidole. Elbo tisa, tii tatu, soketi sita, yunioni mbili, koki nne. Kisha nikarudi kinyume, kutoka kwenye koki mpaka kwenye gata. Ukihesabu kuelekea upande mmoja tu, jicho linazoea, linaruka. Ukirudi kinyume linashtuka. Mara ya pili nilikuta elbo ni kumi. Mke wangu akapita akauliza kama nasali. Nikamwambia karibu na hapo.

Tangi nililinunua Buguruni kwa kijana mmoja mwenye fremu iliyojaa mabomba mpaka nje. Nikamwekea ile sauti ya huruma.

"Mwanangu, hili tangi linakwenda zahanati ya kijijini. La wajawazito."

"Mzee wangu, shikamoo. Wiki hii nimeuza matangi manne. Yote yanakwenda kwa yatima."

"Marahaba. Mie sisemi yatima, nasema wajawazito."

"Basi hao angalau wapya," akasema, akanishushia elfu sabini. Nikasimama palepale mpaka akaongeza na koki moja ya bure. Hiyo ndiyo ikawa koki ya tano, na ikumbukeni.

Mengine sikuweza kuyazuia. Fulana za safari, zenye maandishi kifuani, zilikula laki mbili na arobaini. Tulikuwa watu kumi na wawili, tisa kati yetu wanakwaya. Mie Mwislamu pekee. Asubuhi wao walikusanyika kuniombea pamoja na vifaa vyangu, nami nikaswali zangu pembeni, kwa hiyo maombi ya tangi lile yalipelekwa kwa njia mbili. Kwaya ile, niseme haki, ilichimba. Fulana ndizo sikuona zikichimba.

*

Sasa kijiji. Jina naliacha, wenyewe wanajijua.

Tulifika Jumatatu jioni. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi natoka kwenye darasa tulilolala, nakuta watu kama arobaini wameshasimama kwenye uwanja wa zahanati, na majembe, na masururu. Wenyewe wanaita msaragambo: kazi ya kijiji, kila nyumba inatoa mtu, hakuna anayelipwa na hakuna anayeitwa mara mbili. Wanaume walikuwa wakisomba mawe kutoka kilimani. Wanawake walikuwa wakileta maji ya zege kutoka bwawani, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, ndoo kichwani. Nesi wa zahanati, binti mmoja anaitwa Tumaini, alikuwa anachimba kama wengine na koti lake jeupe kalifunga kiunoni.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, akaniambia, "Fundi, wewe sema unataka nini, kitakuja."

Nilisema nataka jukwaa la mawe na zege la kulikalisha tangi. Na nikamweleza hesabu yenyewe, nanyi isikilizeni kwa sababu kila kitu kilining'inia hapo. Zege linataka siku tatu likauke kabla hujalikalisha kitu. Gari letu linaondoka Jumapili asubuhi. Kwa hiyo zege limwagwe Jumatano, tangi lipande Jumamosi. Likimwagwa Alhamisi, tunaondoka tangi likiwa limelala chini kwenye majani, na mvua za vuli zinakuja kulikuta limelala hivyohivyo. Mawingu ya upande wa baharini yalikuwa yameshaanza kujikusanya kila jioni. Msimu ule ukipita, mpaka masika.

"Jumatano," akasema Mwenyekiti. "Itakuwa Jumatano."

Alasiri ile ya Jumanne nimechuchumaa napima pembe za jukwaa kwa kamba, akaja bibi mmoja na jogoo kwapani. Akakaa kwenye jiwe, akanitazama nikipima. Nikamwamkia, akaitika marahaba, macho bado kwenye kamba yangu. Baada ya muda akainuka, akamshika jogoo kwa mikono yote miwili, akaninyooshea.

Wanangu, mie nimekulia Buguruni. Pale mtu akikunyooshea kuku, kuna jambo moja tu la kufanya. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia, nikamminya yule jogoo kifuani kwa dole gumba, kama ninavyofanyaga sokoni.

"Mwembamba huyu, Bibi," nikasema. "Elfu nane."

Akanyamaza. Sokoni muuzaji akinyamaza maana yake umekaribia.

"Haya tisa, tusichoshane."

Mkono wangu wa kushoto muda wote ulikuwa mfukoni, unazitenganisha noti kwa kuzipapasa. Nikatoa elfu tisa, nikamtilia kiganjani. Akazitazama zile hela. Akaziweka juu ya jiwe alilokalia, akaweka kokoto juu yake zisipeperuke, akamrudisha jogoo kwapani, akaondoka zake polepole.

Na mie nikajisemea: huyu bibi mjanja. Kesho atarudi anataka kumi.

*

Jumatano asubuhi walikuja wote. Hilo ndilo lililonitisha. Wangesusa ningejua wamesusa. Walikuja na mizigo yao, wakajipanga uwanjani, na hakuna aliyetua.

Mama mmoja aliyekuwa mbele, ndoo kichwani, maji hayatikisiki, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Fundi, shikamoo. Ndoo hii bei gani?"

"Marahaba. Ndoo gani?"

"Hii. Tena usije ukasema maji yangu membamba."

Wakacheka nyuma. Mwanamume mwenye jiwe begani akasogea. "Na hili je? Mie natoka nalo kule juu. Linafika elfu nane? Haya nipe tisa tusichoshane."

Mwenyekiti akaja mwisho. Sauti yake ya chini vilevile. "Mtuwie radhi, fundi. Sie tulidhani tunajenga, kumbe ni soko. Kijijini huku habari zinatufikiaga zimechelewa. Basi tumeleta bidhaa. Tuambie bei."

Nikapiga hesabu kichwani, mkono wangu bado una kamba ya kupimia. Ndoo sitini kwa siku. Mawe, sijui safari mia mbili. Mchanga. Kuchimba mtaro. Nikahesabu mara ya pili nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea. Ilikuwa haijafika hata saa moja na tulikuwa tumeshafilisika, sie na fulana zetu.

Mama Upendo akatoka darasani na mswaki mdomoni. Akautoa.

"Fundi, umefanya nini?"

"Nimenunua jogoo."

"Jogoo gani?"

"Sijampata."

Nesi Tumaini ndiye aliyetuvuta pembeni akatueleza. Yule ni Bibi Mwanahawa. Mkwe wake ana mimba, mwezi ujao anajifungua. Mtoto wa kwanza alizaliwa palepale zahanati, maji ya ndoo yakaisha katikati ya kazi, na bibi akapita nyumba tatu na birika anaomba maji ya kumsafishia mwana na mama yake. Tangu aliposikia kuna watu wanaleta tangi, alimtenga yule jogoo kwa ajili ya fundi. Na kuku wengine walipigwa na ugonjwa wa kideri, wakaisha. Walikuwa wamebaki jogoo huyo na matetea mawili.

"Huku mgeni akiletewa kuku hasemi neno," akasema Tumaini. "Anapokea. Wewe umemminya kifua."

Nimekosea vingi katika kazi. Nimewahi kutoboa ukuta wa chumba cha kulala cha mtu nikakuta bomba liko upande wa pili, kwa jirani, naye jirani amelala. Lakini makosa yote yale yalizibika kwa simenti.

"Nenda kwake," Mama Upendo akaniambia. "Sasa hivi. Na pochi uiache hapa."

"Pochi yangu?"

"Ukienda nayo utaitoa. Nakujua."

Nikazihesabu hela zangu mara mbili kabla ya kumkabidhi pochi. Ni mtu wa kanisa, lakini hesabu ni hesabu.

*

Nikimkumbuka Bibi Mwanahawa lazima nimkumbuke na Mzee Mbwana, kwa hiyo mniruhusu nirudi Buguruni kidogo.

Mzee Mbwana ndiye aliyenifundisha kazi. Mtu wa Temeke, mweusi tii, kofia yake ya viua haimvuki hata akiwa ndani ya shimo la maji taka. Siku yangu ya kwanza alinipa kiungo nikaze. Nikachukua spana moja nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikitaka anione nilivyo shababi. Bomba zima likazunguka, kiungo cha ndani ya ukuta kikakatika, na jiko la mwenye nyumba likageuka bwawa. Mzee Mbwana hakunitukana. Alinigonga kofi moja la kisogoni, akasema, "Spana mbili, bwana mdogo. Moja inakaza, moja inashika. Ukikaza bila kushika unavunja usipopaona."

Nimewafundisha vijana wangu wote hivyohivyo, na kofi nikawa naliacha au kulitoa kulingana na kijana. Nilidhani nalijua lile somo.

Nyumba ya Bibi Mwanahawa ilikuwa ya udongo, imefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Alikuwa amekaa mkekani anachambua maharage kwenye ungo. Jogoo yuko mlangoni, amefungwa kamba ya mguu, ananitazama kwa jicho moja kama mtu anayenijua. Mkwe wake akanipisha kigoda, tumbo lile mbele yake.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na kumi?"

"Sina hata mia, Bibi. Pochi wameninyang'anya."

"Ahaa. Umekuja kukopa."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikosa adabu." Mie nimewahi kumshusha bei mpaka mchimba kaburi, Mungu anisamehe, na neno lililofuata nusura linishinde kulitoa. "Na kama bado unaye, nakuomba na jogoo."

"Unaniomba."

"Nakuomba."

"Jogoo mwembamba."

"Huyohuyo, Bibi."

Mkwe wake akageuza uso ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Bibi akanisogezea ungo. Nikaanza kuchambua maharage. Tukachambua, na mie najua kule uwanjani watu arobaini wamesimama, na zege halijamwagwa, na jua linapanda. Nikamaliza ungo mmoja. Akanimiminia mwingine.

Katikati ya ungo wa pili akaniuliza, bila kuinua macho, "Jana mkono wako mmoja ulikuwa wapi?"

"Mfukoni, Bibi."

"Mie nilikupa kwa miwili."

Nilihisi kofi la Mzee Mbwana kisogoni, zaidi ya miaka thelathini baadaye, na yeye mwenyewe yuko kaburini.

Akafungua kamba, akamwinua jogoo, akaninyooshea. Safari hii nikampokea kwa mikono yangu yote miwili, ingawa sikuwa nimezoea kushika kitu bila kujua bei yake.

*

Kurudi uwanjani nilipita katikati ya kijiji nimembeba jogoo kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Watu bado wamesimama. Mwenyekiti akaja akanizuia njia.

"Umempata kwa bei gani?"

"Nimepewa."

"Eh? Masikio yangu mazee."

"Nimepewa!"

"Wa kule nyuma hawajasikia, fundi."

Nikapiga kelele, "Nimepewa na Bibi Mwanahawa! Bure! Na ni mnene!"

Kwanza ilisikika ile ndoo ya mama wa mbele ikitua. Kisha mawe. Nimefungua maji kwenye majumba mengi maishani, nikasikia koki ikikohoa halafu ikamwaga, na mwenye nyumba akapiga vigelegele. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ya mizigo ile ikitua chini.

Tulifanya kazi siku ile kama watu wanaofukuzwa. Kwaya ikaimba, wenyeji wakaitikia kwa maneno yao, koleo zikifuata mdundo. Saa kumi na moja jioni zege lilikuwa limemwagwa na kusawazishwa. Bibi Mwanahawa akaja na sufuria yake mwenyewe. Jogoo mmoja, watu zaidi ya hamsini: kila mtu alipata mchuzi kiasi cha kuweza kusema alikula. Firigisi alinitilia mie kwenye sahani, mbele ya Mwenyekiti. Nikawa nataka kuigawa nusu, nikamwona Bibi ananitazama. Nikaila yote.

Tangi lilipanda Jumamosi alasiri, likakaa kwenye jukwaa lake kama lilizaliwa pale. Gata nilizipimia mteremko kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu unaoujaza maji ukashika ncha mbili. Maji hayana upendeleo, yatakuambia upande gani uko juu hata kama macho yako yanasema vingine. Nesi Tumaini akashika ncha ya pili. Nikamfundisha kumwaga maji ya mvua ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati, kabla ya kuyaruhusu kuingia tangini. Nikamfundisha kufunga ule utepe mweupe wa kuzuia uvujaji kwenye nyuzi za bomba, kwa upande zinakozungukia. Na Jumapili asubuhi, wakati wa kuondoka, ile koki ya tano, ya bure, nikamwachia ya akiba, pamoja na spana zangu mbili. Zile za Mzee Mbwana.

"Bei gani, fundi?" akauliza.

Wenyeji walicheka mpaka wanakwaya waliokuwa garini wakashuka kuuliza kuna nini.

*

Siku ya kumi na moja tangu turudi, nipo Kipawa, chali chini ya sinki la mtu, simu ikaita. Namba ya Tumaini.

"Fundi, usiseme kitu. Sikiliza."

Akaisogeza simu. Kwanza nilisikia ngurumo ya mvua kwenye bati, kisha chini yake sauti nyingine, nzito, ya maji yanayoanguka ndani ya tangi tupu. Nikalala palepale. Dakika mbili nzima, kwa salio lake. Mwenye nyumba akainama akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, nafanya kazi.

Mjukuu wa Bibi Mwanahawa alizaliwa wiki iliyofuata, wa kike. Tumaini aliniambia bibi alimwogesha maji ya koki mpaka ikabidi amwambie basi, Bibi, utamchubua. Sasa ana miaka sita.

Na toka mwaka ule, kila baada ya vuli, naletewa kuku kwa basi. Konda ananipigia: "Mzee, njoo uchukue mzigo wako, unanitukana toka Chalinze." Mwaka wa kwanza nilituma hela kwa simu. Zikarudi zote, bibi akaongeza na ya kutolea kutoka kwake. Mwaka wa pili nilituma vitenge, mwaka ule wakaja kuku wawili na gunia la mahindi. Nikaacha kutuma. Nikawa napokea tu, kwa mikono miwili, pale stendi, na watu wananitazama.

Hapo ndipo nilipo, wanangu, na sababu ya kuandika yote haya ni hii. Wiki iliyopita Bibi Mwanahawa alinipigia mwenyewe. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, hospitali wamempa rufaa ya kuja Dar kufanyiwa upasuaji. Atahitaji mahali pa kukaa wiki mbili. Nimeshamwandalia chumba, mke wangu ametandika, tangi la nyuma nimelijaza kwa boza maana Goba nimewaambia kulivyo. Nikamwambia aje, chumba chake kipo.

Nikasikia kicheko cha mjukuu nyuma yake, kama wamepanga.

"Fundi," akasema, "kulala hapo kwako, kwa wiki mbili, bei gani?"

Akaniambia nifikirie, akanikatia simu.

Miaka thelathini na minne sijawahi kukosa jibu la swali lile. Nimejaribu "bure", nikaona ni neno la Mama Upendo. Nimejaribu kunyamaza kama yeye alivyonyamaza, lakini yeye alikuwa na jogoo mkononi, mie nina simu tu. Nyie mmesoma kuliko mie, na vichwa vyenu bado vinafunguka. Nishaurini: nimjibu nini? Ila fanyeni haraka. Basi linaingia Alhamisi saa kumi jioni, na nina hakika swali lake la kwanza, kabla hajashuka ngazi, litakuwa lilelile.